Ukitoka kwenye mlo wa kujinyima: namna ya kurudi kwenye chakula cha kutosha

Mtu aliyekaa miezi mitatu akila kalori 900 au 1000 kwa siku huharibikiwa kwa njia mbili anapotaka kurudi kwenye chakula. Wapo wanaofungulia kila kitu siku moja: pilau, soda, maandazi, kisha tumbo linawaka usiku kucha. Wengi zaidi, ingawa hawasemwi sana, huongeza kwa woga. Leo kipande cha papai, wiki ijayo nusu chapati, halafu mizani ikipanda kilo moja wanarudi walikotoka.

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, lengo liwe kufika kwenye chakula kamili ndani ya wiki mbili hadi tatu, kwa hatua za kalori 200 hadi 300. Ule ushauri unaozunguka kwenye gym wa kuongeza kalori 50 kila wiki haufai. Kutoka 1000 hadi 1950 kwa mwendo huo ni wiki 19, yaani zaidi ya miezi minne mingine ya njaa. Isitoshe, kalori 50 ni chini ya nusu kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia. Hakuna jiko la nyumbani linalopima hivyo.

Wasioanza bila daktari

Ratiba hii si ya kila mtu. Mwili uliokaa na njaa kali huwa umepungukiwa fosfeti, potasiamu na magnesiamu, hata kama vipimo vya damu bado vinaonekana vizuri. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini inapanda na kuyasukuma madini hayo ndani ya seli. Kiwango kwenye damu kinashuka ghafla, na moyo, misuli na mapafu vinakosa kinachoviendesha. Vitamini B1 nayo inatumika haraka kuliko inavyoingia. Haya hutokea zaidi ndani ya siku tano za mwanzo, na yanaua.

Nenda hospitali kabla ya kuongeza chochote kikubwa kama lolote kati ya haya linakuhusu: hujala kabisa au umekula kidogo mno kwa zaidi ya siku 10, umepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wako ndani ya miezi mitatu hadi sita bila kukusudia, au BMI yako (kilo zako ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) iko chini ya 16. Kwa mtu wa sentimita 162, BMI ya 16 ni kilo 42. Uangalifu huohuo unamhusu aliyepungua asilimia 10 kisha akakaa siku tano bila kula, mlevi wa siku nyingi, na anayetumia insulini au vidonge vya kukojoza maji. Uzito ukiwa umeshuka kwa kasi kwa sababu ya mlo wenyewe, usijifariji kwamba "nilikusudia". Muulize daktari vilevile. Omba wapime fosfeti, potasiamu na magnesiamu, na uulize kuhusu vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza mkubwa.

Waliofunga kwa maombi siku 21 au 40 kwa maji matupu wako kundi hilihili. Kuwafuturisha kwa uji mzito wa sukari na soda, kwa nia njema kabisa, ndiko kunakoleta balaa.

Dalili za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo: moyo kwenda mbio au kurukaruka, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu wa ghafla wa mikono na miguu.

Na kama ulijinyima kwa sababu chakula chenyewe kinakutia hofu, au unajitapisha, au unatumia dawa za kuharisha, tafuta daktari na mtaalamu wa afya ya akili wakusimamie. Usibaki peke yako na kikokotoo cha kalori. Kuhesabu huko kunaweza kuwa sehemu ya ugonjwa.

Jua unakokwenda

Kuna hesabu iliyochapishwa mwaka 1990 ambayo wataalamu wa lishe wanaitumia hadi leo. Chukua kilo zako zidisha kwa 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke atoe 161, mwanamume ajumlishe 5. Hayo ni mahitaji ya mwili ukiwa umelala tu. Zidisha kwa 1.4 ukishinda kitini, 1.6 ukishinda umesimama au unatembea.

Mwanamke wa miaka 34, kilo 62, sentimita 162, muuza duka anayekaa na kusimama: 620 + 1012 − 170 − 161 ni 1301. Mara 1.5, anahitaji takriban 1950. Kama alikuwa anakula 1000, pengo ni 950.

Mwili uliojinyima huwaka kidogo kuliko hesabu inavyosema: joto limeshuka, mapigo yamepungua, na mtu mwenyewe anajisogeza kidogo bila kujua. Wengi wakisikia hivyo wanakata tena kalori 200 kwenye lengo. Usikate. Upungufu huo unarudi kadiri unavyokula, na ukikata unauzuia usirudi.

Hatua nne, kila moja siku nne au tano

Kanuni ni kuongeza kitu kimoja au viwili vinavyoonekana, kwenye mlo uleule kila siku. Huyo wa kalori 1000, anayeishi kwa chai ya rangi, yai la kuchemsha, samaki na sinia la kabichi, anaweza kwenda hivi.

Hatua ya kwanza ni asubuhi: chai ya maziwa yenye mililita 200 za maziwa (kama kalori 125) na ndizi mbivu moja (kama 100). Asubuhi kwanza kwa sababu aliyekula asubuhi haingii jioni akiwa na njaa ya kutetemeka.

Ya pili ni mchana. Ugali wa gramu 70 za unga mkavu, sawa na kalori 250 hivi. Ukishaiva unatoka bonge lenye ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Anayependelea wali apakue kikombe kimoja na robo cha wali uliokwishapikwa. Pima unga au mchele kabla ya kupika mara mbili tatu tu, mpaka jicho lizoee, kisha weka mizani ya jikoni kabatini.

Ya tatu: nusu kikombe cha maharage yaliyoiva (kama 115) na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwenye mboga (120). Mafuta ndiyo watu huyaogopa kuliko vyote, na ndiyo yanayosaidia kuliko vyote mtu anayeshiba upesi, kwa sababu hayajazi tumbo. Tui zito la nazi hufanya kazi ileile: nusu kikombe kina zaidi ya kalori 200.

Ya nne ni saa kumi jioni: gramu 30 za karanga, yaani kiganja kimoja (170), na nusu kikombe cha mtindi (75). Jumla imefika 1955.

Huku ukiongeza, punguza sinia la kabichi. Wanaojinyima huzoea kujaza tumbo kwa mboga za majani, kachumbari, supu nyepesi na maji mengi kabla ya kula ili kuidanganya njaa. Ukibaki na mlima huohuo halafu ukaongeza ugali juu yake, tumbo linavimba kama ngoma na utadhani mwili umekataa chakula. Kikombe kimoja cha mboga iliyopikwa kwa mlo kinatosha. Bigijii na peremende zisizo na sukari nazo ziache. Sukari-mbadala iliyomo kwenye nyingi ya hizo huleta gesi na kuharisha.

Kula milo mitatu na vitafunwa viwili, usikae zaidi ya muda wa saa nne bila kitu. Usisubiri kusikia njaa. Kwa wiki hizi saa ya ukutani ni mwaminifu kuliko tumbo.

Mizani itakutisha

Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, kwa hiyo tufanye hesabu taratibu. Ini na misuli huhifadhi wanga kwa mfumo wa glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika takriban gramu tatu za maji. Ukijinyima, ghala hilo linakauka. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya mlo wowote wa kukata wanga watu hushangilia kilo mbili. Ukirudi kula, ghala linajaa. Gramu 300 za wanga na gramu 900 za maji ni kilo 1.2, bila gramu moja ya mafuta. Ongeza chakula kilichomo tumboni na chumvi inayoshika maji, na kilo mbili kupanda ndani ya siku kumi si ajabu.

Sasa linganisha. Kilo moja ya mafuta mwilini ni takriban kalori 7700. Ili kilo mbili hizo ziwe mafuta, ingebidi ule kalori 15,400 zaidi ya mahitaji yako katika siku hizo kumi, yaani ziada ya 1540 kila siku. Wewe bado uko chini ya mahitaji yako au ndiyo kwanza umeyafikia.

Wiki mbili za mwanzo usipande mizani. Baada ya hapo pima mara mbili kwa wiki, asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, na usome wastani tu. Uamuzi wowote wa kupunguza usubiri wiki ya sita. Kama umefika lengo na uzito unaendelea kupanda zaidi ya nusu kilo kwa wiki, wiki tatu mfululizo, na hukuhitaji kunenepa, punguza kalori 100 hadi 150. Aliyekonda kupita kiasi asipunguze kitu: nusu kilo kwa wiki ndiyo anayoitafuta.

Miguu inaweza kuvimba kidogo kwenye vifundo jioni, kwa sababu insulini huifanya figo ishike chumvi. Iinue juu ya mto, usikaze viatu, subiri. Usinunue vidonge vya kukojoza maji wala zile chai za kupunguza tumbo: zinakausha potasiamu uliyotoka kuirudisha. Uvimbe unaopanda hadi magotini, au unaokuja na kuhema, ni wa daktari.

Njaa inayokuja baada ya kula

Jambo linalowachanganya watu ni kwamba wiki ya pili njaa huwa kali kuliko wakati wa kujinyima. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa miezi sita, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walipoanza kulishwa tena, njaa haikukatika. Baadaye wapo waliokula zaidi ya kalori 5000 kwa siku na bado wakasema hawajashiba. Makundi yaliyoongezewa kidogo yalichelewa kupata nafuu, ikabidi yaongezewe zaidi. Na hao walikuwa vijana wenye afya, walioujua mwisho wa jaribio.

Kwa hiyo siku ukijikuta umemaliza hotpoti ya wali usiku, kesho yake kunywa chai na ndizi yako saa ileile. Ukiruka kifungua kinywa ili kufidia, jioni itajirudia. Usikimbie kilomita kumi kuifuta pia. Kwa wiki nne za mwanzo, mazoezi yawe kutembea na kunyanyua vitu vizito mara mbili au tatu kwa wiki. Misuli iliyopotea inahitaji kazi hiyo pamoja na protini, yaani mayai, dagaa, maharage, nyama au samaki kwenye kila mlo.

Tumbo lenyewe

Baada ya njaa ndefu tumbo humwaga chakula polepole, hivyo kushiba kwa matonge matano ni jambo la kutarajiwa. Gawa mlo mara mbili: kula nusu, malizia baada ya saa moja na nusu. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Maziwa yakikuletea gesi, badili uje kwenye mtindi. Choo kikigoma, kunywa maji katikati ya milo badala ya kabla, kula papai, tembea dakika 15 baada ya chakula. Kiungulia cha usiku huisha mara nyingi ukila mlo wa mwisho muda wa saa tatu kabla ya kulala.

Aliyekuwa amekata wanga kabisa aongeze wanga kwa kuugawa siku nzima. Siku chache za mwanzo sukari ya damu inaweza kupanda kuliko kawaida, kwa hiyo kipimo cha sukari cha siku hizo kinaweza kupotosha. Mwenye kisukari au presha ambaye dawa zake zilipunguzwa alipokonda arudi kliniki kabla ya hatua ya pili, kwa sababu dozi ya leo ilipangwa kwa chakula cha jana.

Watu watasema "umenawiri" au "umenenepa", mara nyingi kwa furaha. Jibu "asante" na ubadili mada. Siku hiyo usikaribie mizani.

Joto la mikono na usingizi hurudi kwanza, ndani ya wiki chache. Nywele ni tofauti: zinaweza kuendelea kudondoka miezi miwili mitatu hata ukiwa unakula vizuri, kwa sababu zinazodondoka sasa ziliacha kukua wakati wa njaa. Hedhi iliyokatika inaweza kuchukua miezi kadhaa. Ikiwa imekosekana miezi mitatu, mwone daktari sasa hivi, usisubiri ratiba iishe. Na kumbuka mimba inaweza kutunga kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana.