Somo: Kubana matumizi ya nishati kwenye kiwanda cha kubangua korosho

Ndugu zangu wabanguaji wa Mtwara na Lindi, bei ya korosho ghafi inaamuliwa mnadani. Gharama ya moto iko mikononi mwetu, tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Pima. Kwa wiki nzima andika kilo za korosho zilizobanguliwa, kilo za maganda au kuni zilizoingia kwenye boila (mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke), na yuniti za umeme. Bila hesabu hiyo mtabishana na fundi mpaka msimu uishe.

Hatua ya 2: Fuata mvuke. Hapa ndipo hela inapopotelea. Asubuhi, kabla mashine nyingine hazijawashwa, tembea na chaki ukisikiliza. Palipo na mlio kwenye maungio au valvu, tia alama. Usipapase kwa mkono, mvuke wenye presha unaunguza vibaya. Bomba la mvuke lisilofunikwa livishe sufu ya mawe (rockwool) ya kuzuia joto lisipotee, kisha bati juu.

Mvuke uliopita kwenye koili za tanuri la kukaushia hugeuka maji ya moto. Yarudishe kwenye tangi la boila: maji ya kulishia yakipanda kwa nyuzi 6 hivi, kuni hupungua kwa takriban asilimia 1. Ila maji ya mtungi wa kupikia korosho usiyarudishe kamwe, yameshagusana na mafuta ya ganda na yataharibu boila.

Hatua ya 3: Tanuri. Badilisha mpira wa mlango uliochoka. Usiwashe kwa trei chache.

Hatua ya 4: Kompresa (mashine ya kushindilia hewa) ya mashine za kumenya. Ziba mivujo ya hewa, kisha shusha presha hadi pale mashine inapomenya vizuri bado. Kila bar 1 (kipimo cha presha) unayoshusha huokoa karibu asilimia 7 ya umeme wa kompresa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nachoma maganda yakitoka tu kukatwa. Moshi unawasha macho. Niendelee?*

Hapana, kaka. Mafuta yake yanawasha, na masizi yake ya kunata yanaganda kwenye mabomba ya boila, joto halipiti. Kamua kwanza. Mafuta yanauzika, hutumika kwenye rangi na bitana za breki. Makapi ndiyo uchome.

*Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu Nachingwea hatuna boila, tunatumia pipa na kuni. Somo linatuhusu?*

Marahaba, mwanangu. Linawahusu sana. Anikeni kuni zikauke kabisa, maana kuni mbichi hula moto wake kukausha maji yake. Pipa liwe na mfuniko, na mlizungushie jiko la udongo lenye bomba la moshi. Pimeni kuni kabla na baada, mniletee hesabu.