Kuchagua ukubwa wa namba nzima kwenye kiolesura cha mashine pepe

Seva iko Tabora mjini. Anayeiendesha yuko Kigoma na kompyuta kuukuu ya biti 32. Anaagiza mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva) ipewe RAM ya GiB 5, nayo inawaka na GiB 1, bila ujumbe wowote wa kosa. GiB 5 ni baiti 5,368,709,120, lakini biti 32 mwisho wake ni 4,294,967,295. Biti za juu zimekatwa, zikabaki baiti 1,073,741,824. Kwa mnaoandika kiolesura (funksheni ambazo programu nyingine huziita) kwa C, kinga ni hii.

1. Amua kipimo kwanza. Kipimo kiingie kwenye jina: `ram_kib`, si `ram` tupu. Ukihesabu kwa KiB (baiti 1,024), biti 32 zinafika TiB 4. Nanosekunde hujaza biti 32 kwa sekunde 4 na kitu, kwa hiyo muda wa CPU ni `uint64_t` (namba nzima isiyo hasi, biti 64 daima), hakuna mjadala.

2. Achana na `long`. Linux ya biti 64 huipa biti 64, Windows ya biti 64 huipa 32. libvirt, maktaba ya kusimamia mashine pepe, imebeba mzigo huo: `virDomainSetMemory` hupokea `unsigned long`, ilhali `virDomainBlockResize`, iliyokuja baadaye, hupokea `unsigned long long`. `size_t` nayo hubadilika kufuata mashine. Chukua `uint64_t` ya `stdint.h`.

3. Kagua kuzidisha. Hapa hata wazoefu hunaswa:

`uint64_t b = mib * 1024 * 1024;`

Kama `mib` (idadi ya MiB, yaani KiB 1,024 kila moja) ni `unsigned int`, hesabu hufanyika kwa biti 32, jibu limeshaharibika kabla ya kuhifadhiwa. Andika `(uint64_t)mib * 1024 * 1024`.

4. Vigezo vidogo. Idadi ya CPU na bendera (biti za kuwasha au kuzima chaguo): `unsigned int` inatosha. Kubana hadi `short` ni ubahili usio na faida. Bendera usiyoijua ikataliwe, isipuuzwe.

5. "Bila kikomo". Ukipokea -1 kwa maana hiyo kwenye `uint64_t` inageuka 18,446,744,073,709,551,615. Weka bendera ya pekee.

6. Jaribu. Kompaili kwa `-m32 -Wconversion`, ya kwanza hutoa programu ya biti 32, ya pili huonya thamani inapoweza kubadilika kwa kugeuzwa aina (Ubuntu inahitaji kifurushi cha `gcc-multilib`), kisha tuma MiB 4095, 4096 na 4097. Ya 4096 ikirudi sifuri, rudi hatua ya 3.

Kama toleo limeshatoka, usibadilishe aina ya kigezo: programu zilizokwisha kompailiwa zitapitisha takataka. Ongeza funksheni mpya, ya zamani ikatae kwa kosa kila thamani isiyoweza kuibeba.