SOMO: Kuhamisha mradi wa Git kwa flashi, Mwanza hadi Nansio, bila intaneti

Wakuu, swali la "nampelekeaje mwenzangu mradi na bando limeisha" linaulizwa humu kila mara. Linajibiwa, linazama, wiki ijayo linarudi. Naandika lote hapa. Akija mwingine kuuliza, mleteni kwenye somo hili.

Sisi tunatunza programu ya kurekodi uzito wa dagaa na sangara mwaloni Kirumba. Mwenzangu yuko Nansio, Ukerewe, na siku nyingine mtandao wake haufungui hata ukurasa mmoja. Kazi yetu inasafiri kwa meli, ndani ya flashi. Wengi wenye hali kama hii wanazipu folda na kuliita mradi_mwisho2. Wakishahariri wote wawili faili lilelile, hakuna anayejua lipi la kweli, na kazi ya mmoja inafutwa. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa yake tayari imo kwenye mashine zenu. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, haihitaji intaneti. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kernel (kiini) ya Linux, na kila anayekloni, yaani kunakili mradi, anabaki na historia nzima kwake. GitHub, tovuti ya kuwekea miradi ya Git, ni mahali pa kukutania tu. Flashi nayo inaweza kuwa hapo mahali.

1. Komiti kila kitu, yaani ingiza mabadiliko yako kwenye historia ya Git. `git status` isioneshe kilichobaki.

2. Tengeneza kifurushi cha kwanza, chenye historia yote:

`git bundle create ../mizani.bundle --all`

Ukiandika `main` (tawi kuu la mradi) peke yake badala ya `--all`, HEAD (kielekezo cha tawi ulilopo) haitaingia, na mwenzako atalazimika kuongeza `-b main` wakati wa kukloni.

3. Weka alama ya ulipofikia: `git tag imepelekwa main`

4. Mwenzako anakili faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski yake, ndipo anakloni:

`git clone C:/vifurushi/mizani.bundle mizani`

Asikloni moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Git inaikumbuka njia ya faili hilo kama `origin`, yaani mahali mradi ulikotoka. Kesho Windows ikiipa flashi herufi nyingine, `git pull` italitafuta faili isilione.

5. Safari zinazofuata, tuma komiti mpya tu:

`git bundle create ../mizani.bundle imepelekwa..main`

6. Yeye analiweka faili jipya palepale pa lile la zamani, kwa jina lilelile. Kisha, akiwa ndani ya mradi:

`git bundle verify C:/vifurushi/mizani.bundle`
`git pull`

7. Kusogeza alama. Someni hapa polepole, maana karibu kila anayekuja kulia humu amekwama hapa.

Kifurushi cha hatua ya 5 si mradi mzima. Ni kipande kinachoanzia kwenye alama, na kinafunguka tu kwa mtu ambaye tayari ana komiti ile ya alama. Ukisogeza alama siku ileile unapompa mtu flashi, halafu flashi ikapotea au faili likaharibika, kifurushi kijacho kitaanzia mahali ambapo mwenzako hajawahi kufika. Ataona `Repository lacks these prerequisite commits` na namba ndefu chini yake. Faili ni zima kabisa, ila yeye hana pa kulishikiza.

Kwa hiyo USISOGEZE ALAMA mpaka athibitishe amepokea. Tena usiisogeze kwa kuandika `main`, kwa sababu wakati flashi iko ziwani wewe umeendelea kukomiti, na `main` ya leo siyo uliyotuma. Mwambie aendeshe `git log -1 --oneline origin/main` akutumie kwa SMS zile herufi za mwanzo. Kama ni a3f9c21:

`git tag -f imepelekwa a3f9c21`

Onyo la pili: komiti ikishatoka mkononi mwako, usiiguse tena kwa `--amend` wala `rebase`, maana zote mbili zinaandika historia upya. Historia zenu zitaachana njia, na kuzipatanisha kwa flashi ni mateso.

8. Yeye kukurudishia kazi: `git bundle create kutoka-nansio.bundle origin/main..main`. Wewe: `git pull ../kutoka-nansio.bundle main`. Basi.

---

Mwanachama, Igoma: Mkuu kwangu imekataa. Nisaidie haraka.

Jibu: Imekataa hatua ya ngapi, na imeandika nini? Nakili maneno yote ya kosa uyaweke hapa.

Mwanachama, Igoma: Inasema Refusing to create empty bundle.

Jibu: Hujakomiti kitu kipya tangu alama. Rudi hatua ya 1.

Mwanachama, Buzuruga: Si utumie GitHub tu kama watu wote? Unajitesa.

Jibu: Natumia GitHub nikiwa na mtandao. Somo ni la asiye nao, nimesema kwenye aya ya pili. Kama Buzuruga bando halikusumbui, hili halikuhusu.

Mwanachama, Sengerema: Shikamoo kaka. Nimefuata vizuri, ila mimi alama nilishaisogeza na flashi ya mwanzo imepotea. Ndiyo lazima nianze upya na `--all`?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapana, si lazima. Vifurushi vinaruhusiwa kupishana: komiti ambazo mwenzako anazo tayari, Git inaziacha bila madhara. Rudi nyuma kwa wingi, mfano `git bundle create ../mizani.bundle --since=30.days main`, au `-50 main` kwa komiti hamsini za mwisho. Ukisita, ongeza. Kuzidisha hakuharibu, kupunguza ndiko kunakokwamisha.

Mwanachama, Nyegezi: Na huyo atakayeiokota flashi, anaweza kuusoma mradi?

Jibu: Dada, swali zuri, na lilistahili kuwa ndani ya somo. Ndiyo, kile cha kwanza anakikloni kama yeyote. Kifurushi hakina kufuli, na hicho cha kwanza kinabeba historia yote, pamoja na nenosiri la hifadhidata ulilolikomiti zamani ukalifuta baadaye. Kwanza, nenosiri lisiingie kwenye komiti kabisa. Faili lake liandike mapema kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git isiyachukue. Pili, funga kifurushi kwa neno la siri kabla ya kukiweka kwenye flashi, kwa programu ya gpg: `gpg -c mizani.bundle`. Litatokea faili la `.gpg`, hilo pekee ndilo lisafiri, na neno la kufungulia mwambie mwenzako kwa simu. Yeye anafungua kwa `gpg -o mizani.bundle -d mizani.bundle.gpg`. Windows ina gpg ndani ya Git Bash, hupakui kitu.

Mwanachama, Igoma: Flashi yangu ina virusi vya shortcut itakuwaje

Jibu: Isafishe au tafuta nyingine. Na uitoe kwa utaratibu, usiichomoe tu. Faili likikatika katikati kifurushi hakitafunguka.

Mwanachama, Sengerema: Kaka nimefanikiwa, asante sana. Swali la pembeni: jumla ya kilo inatoka tofauti na zamani na sijui iliharibikia komiti ipi. Huku naweza kujua bila mtandao?

Jibu: Unaweza, kwa sababu historia nzima iko kwenye mashine yako. Andika `git bisect start`, kisha `git bisect bad`, kisha `git bisect good` ikifuatwa na komiti ya zamani unayojua ilikuwa sawa. Git inakupeleka katikati ya hizo mbili. Jaribu mizani, jibu `git bisect good` au `git bisect bad`, inagawa tena nusu. Hata zikiwa komiti 1,000 unapima takriban mara 10 tu mpaka ikutajie iliyoharibu. Ukimaliza, `git bisect reset`. Ukiwa na skripti inayokagua jumla yenyewe, `git bisect run` inafanya zamu zote peke yake. Ikikutajia komiti, iweke hapa tuione.