Laki tatu na dada watatu wa jikoni: namna nilivyotangaza viungo vyangu mtandaoni

Nauza viungo vya pilau hapa Tanga. Iliki na mdalasini nachukua kwa wakulima wa Amani, kule juu Muheza. Nakausha, nasaga, nafungasha pakiti za gramu 100, shilingi 5,000 kila moja. Naandika haya kwa wenzangu wenye biashara ya ukubwa huu, wanaotamani kutangaziwa na watu wenye wafuasi lakini mamilioni hawana. Mimi nilikuwa na laki tatu.

Kabla ya hapo nilishapoteza laki mbili na nusu. Nilimlipa mtu mmoja mwenye wafuasi wengi mno, hela yote mbele, kwa maneno ya simu tu. Akaweka picha ya pakiti saa nane za usiku, na mchana wake akaifuta. Nilipata oda tatu. Iliniuma sana, maana ile ndiyo ilikuwa hela ya kununulia iliki.

Wa kumlipa utamjua kwa wateja wako

Safari ya pili nilianzia kwenye meza yangu. Kwa wiki mbili, kila mama aliyekuja kununua nilimuuliza: "Ukitaka kujifunza pishi jipya, unamtazama nani?" Nikaandika majibu kwenye daftari. Yale majina makubwa yalitajwa mara chache. Yaliyojirudia ni ya dada wawili ambao sikuwahi kuwasikia, mmoja ana wafuasi elfu sita na kitu, mwingine elfu kumi na moja. Wa tatu nilimchagua mwenyewe kwa sababu video zake zilinipendeza, na hapo ndipo nilipokosea, nitaeleza.

Ukishapata majina, kaa usome maoni chini ya video zao, angalau video kumi. Usihesabu mioyo na makofi. Tafuta maswali: "Mchele ni kilo ngapi?", "Nyama umeichemsha kwanza?" Halafu tazama kama mwenye ukurasa anajibu. Anayeulizwa kiasi cha maji na akajibu mmoja mmoja, huyo watu wanapika kwa maneno yake. Akisema kiungo fulani kinafaa, kesho wanakitafuta dukani.

Na muombe akupigie picha ya skrini ya zile takwimu za ndani, zinazoonyesha wafuasi wake wako miji gani. Instagram na TikTok humwonyesha mwenye akaunti. Yule wa tatu sikumuomba. Kumbe wengi wa wafuasi wake wako Nairobi. Video yake ilitazamwa kuliko zote, na kila anayeniandikia anauliza mzigo utafikaje Kenya, nami sina njia ya kuufikisha kwa bei ya pakiti moja.

Ujumbe wa kwanza

Usianze na "naomba kolabo". Nilimwandikia hivi yule wa kwanza:

"Asalaam aleikum dada. Mimi nauza viungo vya pilau, niko Tanga, Ngamiani. Niliona video yako ya pilau la kuku, ulivyowajibu wote waliouliza kiasi cha maji. Naomba nikutumie pakiti mbili upikie nyumbani, bila sharti lolote. Ukizipenda tuzungumze video moja, uwezo wangu ni shilingi 60,000. Usipozipenda niambie kasoro, nitashukuru."

Alijibu siku hiyohiyo. Taja bei yako mapema. Wengine watasema ni ndogo, nao wana haki, kwani video moja ya pishi inakula mkaa, nyama na nusu siku ya mtu. Ndiyo maana sikubaliani na wafanyabiashara wanaotaka kutangaziwa kwa kupeana bidhaa tu. Pakiti mbili za viungo hazilipi kodi ya nyumba.

Mkikubaliana, yaandikeni, hata kama ni kwenye WhatsApp. Sisi tuliandika: video moja ya kupika kuanzia mwanzo hadi kupakua, itawekwa Jumatano saa moja jioni, itabaki ukurasani, si kwenye stori inayofutika baada ya saa 24, nami ninaruhusiwa kuitumia kwenye kurasa zangu kwa miezi sita. Nusu ya malipo kabla, nusu video ikishatoka. Na kwamba atasema mwanzoni kabisa kuwa hili ni tangazo la kulipwa. Mmoja aliogopa kwamba akisema hivyo watu watakimbia. Hawakukimbia. Mama anayenunua chakula cha wanawe ana haki ya kujua nani amemlipa nani.

Kwa nini Jumatano? Kwa sababu wengi tunapika pilau Ijumaa na Jumapili. Anayeona Jumatano usiku akalipa, Alhamisi asubuhi naweka mzigo kwenye basi, jioni uko Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, bodaboda anaumalizia hadi mlangoni. Ijumaa sufuria iko jikoni. Nawe itafute siku ya bidhaa yako kwa hesabu ya namna hiyo. Mwaka mzima wakati bora kwangu ni Shaabani, kabla watu hawajafunga.

Mwache aseme kwa mdomo wake

Sikumwandikia mtu maneno ya kusema. Niliwapa mambo matatu tu: viungo vinatoka wapi, bei, na namba ya kuagiza.

Yule wa kwanza alipika, akaonja, kisha akasema mbele ya kamera: "Mimi ningepunguza. Pilipili manga imekuwa kali kwa wanangu. Wao wameandika kijiko kimoja na nusu kwa kilo ya mchele, wewe mwenye watoto weka kimoja." Nilipoiona nilihisi tumbo linakaza. Nilitaka kumpigia aikate sehemu ile. Mume wangu akaniambia subiri. Usiku ule maoni yakaanza kuingia: mtu akimkosoa aliyemlipa, basi na sifa zake ni za kweli. Video hiyo ndiyo iliyouza kuliko zote, na alichosema kilikuwa sahihi. Lebo zangu sasa zimeandikwa kijiko kimoja.

Jitayarishe kabla mlango haujagongwa

Pakiti 150 ziwe tayari kwenye boksi. Lipa namba iwe imeandikwa kwenye ukurasa wako. Bei iwe wazi, maana "njoo inboksi" inafukuza wateja, na mimi mwenyewe nikiiona naondoka. Kwenye WhatsApp Business hifadhi majibu ya haraka ya bei, nauli na siku za kusafirisha. Kama unauza chakula, mambo ya TBS, yaani Shirika la Viwango, yawe yamekaa sawa kabla ya tangazo. Mimi nilianzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wakanipa barua ya utambulisho.

Hesabu

Kila dada nilimpa neno lake la punguzo. Mteja akilitaja anapunguziwa shilingi 500, nami najua ametokea kwa nani. Kwenye pakiti ya 5,000, viungo vinakula 2,300, mfuko na lebo 700. Ukitoa punguzo inabaki 1,500. Kwa hiyo dada niliyemlipa 60,000 lazima auze pakiti 40 ndipo malipo yake yarudi. Fanya hesabu hii kabla hujatuma hata senti. Kama namba inayotoka inakutisha, punguza malipo au tafuta bidhaa yenye faida pana zaidi.

Laki tatu yangu iligawanyika hivi: 180,000 ya dada watatu, 45,000 ya pakiti za kuonja na nauli zake, 50,000 nililipia Instagram isambaze ile video iliyofanya vizuri, baada ya kuiona inafanya vizuri, si kabla. Zile 25,000 zilizobaki ziliishia kwa bodaboda, mizigo ilipopotea njia.

Mwezi ulipoisha, wa kwanza alikuwa ameuza 71, wa pili 44, wa tatu 18. Jumla 133, faida 199,500. Maana yake ni kwamba malipo ya dada yalirudi lakini kampeni nzima ilikuwa bado inanidai laki moja na mia tano. Nasema wazi ili usije ukakata tamaa mwezi wa kwanza. Wanaorudi kununua hawana punguzo, kila pakiti inaniachia 2,000. Pakiti 51 za wateja waliorudi zilifunga deni lile, katikati ya mwezi wa pili.

Matokeo niliwatumia wote watatu, pamoja na shukrani. Wa tatu nilimweleza kuhusu Nairobi, na yeye mwenyewe akanitajia mwenzake wa Morogoro. Wa kwanza tunaendelea: namlipa 60,000 kwa video, na shilingi 300 kwa kila pakiti inayozidi ya 40. Alhamisi iliyopita nilimpelekea mchanganyiko mpya wa chai. Ameniambia tangawizi imezidi, nimeirudisha kwenye mizani.