Umegonga ukuta wa mtu na gari? Hivi ndo unavyomalizana nae bila kufikishana pabaya

Umepiga rivasi pale Chikongola ukaingia kwenye ukuta wa watu, au umekwepa bodaboda njia ya Mikindani ukalibeba banda la mama ntilie na masufuria yake. Kama hakuna aliyeumia shukuru Mungu, maana akiumia mtu hiyo ni habari nyingine kabisa, unawahi trafiki, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), hospitali (Ligula kwa Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi), mambo ya ukuta yanasubiri. Mi naongelea mali tu. Na kwenye mali watu wanaharibu kwa njia mbili, kuna anaekimbia na kuna anaechomoa elfu hamsini pale pale ili yaishe, kesho mwenye nyumba anaamka anaona nyufa imepanda mpaka kwenye lenta, simu inaanza kulia.

Kwanza simama, zima gari, shuka, salimia watu. Kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, mwambie pole mama, gari ni langu na siondoki. Ukianza na "ukuta wenyewe ulikua mbovu" umeshaharibu, hata kama ni kweli. Ila ukiona watu wamejaa na wana jazba usibishane nao, nenda moja kwa moja kituo cha polisi ukaripoti. Kabla gari halijasogezwa piga picha, kwa mbali mpaka namba ya gari ionekane, kwa karibu, na zile nyufa za zamani ambazo sio zako nazo piga. Ita trafiki, na muite mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, huyu watu wengi wanamsahau na ndo atakaewasaidia kuliko wote.

Halafu bima. Wengi tunakata ile ndogo ya 118,000 tukijua ni ya kumuonyesha trafiki tu, kumbe bima ndogo kazi yake ni hii hii, kulipa madhara uliyomfanyia mwingine. Gari lako halitengenezwi, hilo mpaka uwe na bima kubwa, ila ukuta wa watu unaweza kulipwa. Soma karatasi yako uone kikomo cha mali ni shilingi ngapi, na hakikisha stika yako inasoma kwenye mfumo wa TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima. Wapigie kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Na hapa kuwa makini, usisaini popote kwamba utalipa kiasi fulani kabla hujaongea nao, kampuni nyingi zina sharti kwamba ukikubali deni bila ruhusa yao wanaweza kugoma kulipa. Kusema pole sio kusaini. Watataka ripoti ya trafiki, picha, na makadirio ya fundi. Wakikuzungusha kuna TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yupo kwa ajili hiyo. Lakini kama ni mabati matatu na nguzo mbili za mti, kwa kweli maliza mfukoni, mama wa watu asikae wiki nzima hapiki anasubiri makaratasi yako.

Sasa bei, hapa ndo penye ugomvi. Mwenye nyumba anataja laki nane kwasababu kakasirika, wewe unasema laki kwasababu umeshtuka, na wote hamjui. Tafuteni mafundi wawili, mmoja wa kwake mmoja wa kwako, waje wakague siku moja na kila mmoja aandike vitu kimoja kimoja. Mfano tu wa hesabu, bei zenyewe kaulize dukani: tofali 40 kwa 1,500 ni 60,000, saruji mifuko 3 kwa 18,000 ni 54,000, mchanga 25,000, fundi na msaidizi 70,000, kubeba kifusi 15,000, jumla 224,000. Ukishaiweka hivo mezani mbele ya mwenyekiti, ile laki nane inashuka yenyewe, na ile laki yako nayo inapanda. Mwambie fundi agonge na upande wa ndani, maana tofali huwa zinaachia nyuma huku mbele panaonekana pazima.

Kama nyumba ni ya fito na udongo vifaa ni bei ndogo ila usichelewe, mvua zetu zikianza Novemba au Desemba ni mpaka Aprili, na ukuta wa udongo ulio wazi unayeyuka, utajikuta unadaiwa chumba kizima. Wapo watakaosema basi nijengee cha tofali. Wajibu wako ni kurudisha kilichokuwepo. Akitaka kizuri zaidi mpe thamani ya kile cha zamani, yeye aongezee.

Kuna na hasara isiyoonekana. Mama ntilie aliyemwagikiwa na wali na samaki anadai chakula kile, vyombo, na siku ambazo hatafanya biashara. Mlipe faida yake ya siku mara siku za matengenezo, ni haki yake kabisa, usimuone mjanja. Umekanyaga makopa au korosho zilizoanikwa pembeni ya barabara, pimeni kilo zilizoharibika, korosho tumieni bei ya mnada wa karibuni, msikadirie kwa macho.

Kabla hujatoa hela uliza hii nyumba ni ya nani. Anaelalamika zaidi anaweza kuwa mpangaji. Na huku kwetu kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua, nyumba nyingi ni za ukoo, mjomba ana kauli, ndugu wengine wapo Dar, unamlipa mmoja leo mwezi ujao anakuja mwingine anakwambia hatujapata kitu. Waambie wachague mtu mmoja mbele ya mwenyekiti na jina lake liandikwe.

Mi nashauri ununue vifaa mwenyewe, risiti ubaki nazo, fundi mlipe nusu kuanza na nusu akimaliza. Mwenye nyumba aking'ang'ania keshi sawa, ila pitisha kwenye simu ili meseji ibaki, na karatasi iandikwe: majina, namba ya gari, tarehe, kilichoharibika, kiasi, na sentensi kwamba akishapokea hana dai lingine kwa ajali hiyo. Mashahidi wawili, muhuri wa serikali ya mtaa. Usiidharau karatasi, dai la hasara kama hiyo linaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 3.

Huna hela yote? Omba kulipa kwa awamu, ila usiahidi "korosho zikiuzwa" halafu ukaishia hapo. Mnada unaweza kusogea, na hata zikinunuliwa hela haiingii siku ile ile. Weka tarehe ambayo una uhakika nayo.

Ukiangusha nguzo ya umeme usiisogelee na wala usiongee bei na mtu yeyote mtaani, zuia watu wasikaribie, piga TANESCO. Alama au kingo za barabara kuu ni TANROADS, barabara za mitaa ni TARURA, wao wana makadirio yao, unalipia kwa namba ya malipo ya serikali, sio mkononi mwa mtu.

Na kama unaendesha gari la bosi au ni deiwaka, mpigie mwenye gari kabla hujaahidi chochote, bima ni yake na ndo atakaedai.

Kazi ikiisha nenda na fundi, kagueni na mwenye nyumba, mwagieni maji kama ni ukuta muone kama panavuja, piga picha ya mwisho, asaini "nimepokea na nimeridhika" kwenye karatasi ile ile, kopi moja yake, moja yako, moja abaki nayo mwenyekiti.