Namna ya Kutazama "Harusi ya Figaro" Nyumbani

Opera ya kuchekesha, yaani tamthilia inayoimbwa, haifai kuwashwa huku mtu akiendelea na kazi za jikoni, kwa sababu kicheko chake kimo ndani ya siri: nani amejificha wapi, nani anajua, na nani bado hajajua. Anayekosa maneno kwa dakika mbili hubaki na sauti tamu tu, akishangaa wengine wanacheka nini. Kwa anayeanza ninapendekeza Le nozze di Figaro, yaani Harusi ya Figaro, ambayo Mozart aliitunga kwa maneno ya Kiitaliano ya Lorenzo Da Ponte, na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 1 Mei 1786. Ina sehemu nne, huchukua takriban saa tatu, na mambo yake yote hutokea katika siku moja, ndani ya kasri moja karibu na Sevilla, nchini Hispania.

Kwanza, jifunze kisa kabla ya kuwasha televisheni, wala usihofu kwamba utajiharibia uhondo. Uhondo wenyewe huanza pale unapojua jambo ambalo mhusika hajalijua. Figaro na Susanna ni watumishi wanaotaka kuoana leo. Bwana wao, Almaviva, aliitangaza kuwa imekwisha ile haki ya kale ya bwana kulala na bibi harusi wa mtumishi wake, lakini sasa anamnyemelea Susanna kwa siri. Mkewe, Rosina, anaungana na Susanna ili kumfichua. Yupo pia Cherubino, mvulana anayempenda kila mwanamke anayemwona, na Marcellina, mwenye hati inayomtaka Figaro amlipe deni lake au amwoe. Andika majina haya kwenye karatasi na uiweke karibu nawe. Kumbuka pia kwamba tamthilia ya mwandishi Mfaransa Beaumarchais iliyozaa opera hii ilikuwa imekatazwa na Kaisari Joseph II isiigizwe mjini Vienna, kwa kuwa ilimwonyesha mtumishi akimshinda bwana wake kwa akili; ukali huo bado umo chini ya mzaha.

Pili, chagua rekodi. Filamu ya Jean-Pierre Ponnelle ya mwaka 1976 inapendeza sana, lakini sauti zake zilirekodiwa kabla ya picha, na mara nyingine aria, yaani wimbo wa mtu mmoja, husikika huku midomo ya mwimbaji imefumba, kama mawazo yake. Kwa mara ya kwanza mimi ningechukua rekodi iliyofanywa jukwaani, kwa mfano ile ya Royal Opera House ya London ya mwaka 2006, iliyoongozwa na David McVicar, kwa sababu waimbaji wanatazamana na kujibizana papo hapo. Hakikisha rekodi ina manukuu katika lugha unayoisoma haraka. Baadhi ya maonyesho huondoa aria za Marcellina na za Basilio, mwalimu wa muziki, katika sehemu ya nne; hilo ni jambo la kawaida, si kasoro ya nakala yako.

Kuhusu vifaa, sauti ni muhimu kuliko ukubwa wa kioo. Spika ndogo za televisheni humeza fidla nzito na sauti nene za kiume, hivyo unganisha spika za nje au tumia vipokea sauti vya masikioni, ikiwezekana kwa waya, kwani Bluetooth huweza kuchelewesha sauti hadi midomo na maneno yakaachana. Ikiwa intaneti yako hukatikakatika, pakua rekodi mapema pale mwenye haki anaporuhusu.

Gawa utazamaji katika jioni mbili: sehemu mbili za kwanza leo, mbili za mwisho kesho. Katikati ya nyimbo utasikia mazungumzo ya kuimbwa upesi yakisindikizwa na kinanda pekee. Usiyaruke, hata yakionekana makavu, maana humo ndimo njama hupangwa. Usishangae pia kuona Cherubino akiimbwa na mwanamke. Ndivyo Mozart alivyokusudia, na inachekesha zaidi pale mwanamke huyo anayeigiza mvulana anapovishwa nguo za msichana.

Mwisho wa sehemu ya pili unastahili maandalizi ya pekee. Kwa muda wa takriban dakika 20 muziki hausimami. Huanza na watu wawili, Almaviva na mkewe, wakigombana mbele ya mlango wa chumba kidogo uliofungwa. Bwana ana hakika Cherubino yumo ndani, kumbe mvulana amekwisha ruka dirishani, na anayetoka ni Susanna. Kisha anaingia Figaro, kisha mtunza bustani akiwa na maua yake yaliyovunjika, na Figaro anadai kwamba aliyeruka ni yeye, huku akichechemea. Watu wanaongezeka hadi sauti saba zinaimba pamoja, kila moja na neno lake. Nenda chooni kabla, zima simu, wala usisimamishe picha. Watazamaji wa Vienna walidai nyimbo zirudiwe mara nyingi kiasi kwamba Kaisari akaamuru nyimbo za zaidi ya mtu mmoja zisirudiwe. Wewe unaweza kurudia, ila subiri sehemu iishe kwanza, kisha rudi umfuate mtu mmoja tu, Susanna kwa mfano, tangu mwanzo hadi mwisho.

Jioni ya pili, zima taa kabla ya sehemu ya nne, kwa kuwa inatokea bustanini usiku na picha huwa na giza. Inaanza na msichana Barbarina akitafuta pini iliyopotea. Usiidharau pini hiyo, ndiyo iliyofunga barua ya kumtega Almaviva. Susanna na Rosina wamebadilishana nguo, basi fuata sauti, usifuate nguo. Almaviva anapopiga magoti kumwomba mkewe msamaha, muziki uliokuwa ukikimbia unatulia ghafla na kuwa wa chini sana. Usiguse kitufe cha sauti, wala usimweleze aliye kando yako kinachoendelea. Mwache asikie Rosina akijibu.