Kuchagua Gitaa la Umeme, Amplifaya na Pedali kwa Fedha Chache Jijini Nairobi

Anayenunua gitaa la umeme kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza bei, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni muziki gani anakusudia kuupiga. Hapa Nairobi wengi wetu hupiga kanisani, katika bendi za benga na rumba, au nyumbani tukijifunza nyimbo za aina hizo. Muziki huo unadai sauti safi, noti moja moja zinazosikika wazi, na nyingi kati ya noti hizo hupigwa juu kabisa shingoni, karibu na mwili wa gitaa, kama tunavyozisikia katika rekodi za Shirati Jazz ya D. O. Misiani. Sauti safi haifichi kasoro. Gitaa ambalo halishiki tyuni linaweza kuvumilika katika muziki wa roki wenye sauti ya kukwaruza, lakini katika benga kila noti iliyopotoka husikika mara moja, hata na msikilizaji ambaye hajawahi kushika ala.

Kwa sababu hiyo ninashauri fedha zitumike kwa mpangilio huu: gitaa kwanza, amplifaya baadaye, na pedali, yaani vifaa vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti, mwisho kabisa. Mwenye shilingi 40,000, kwa mfano, atenge takriban 20,000 za gitaa na 12,000 za amplifaya, kisha 8,000 zinazobaki azigawe kati ya kebo nzuri, nyuzi za akiba, tyuna (kifaa cha kupimia kama nyuzi ziko sawa), mfuko wa kubebea na malipo ya fundi. Katika hesabu hiyo hakuna pedali hata moja, na sijaisahau kwa bahati mbaya.

Magitaa mengi ya bei nafuu yameiga maumbo ya zamani: Stratocaster iliyotolewa na Fender mwaka 1954, Telecaster iliyoitangulia kwa miaka michache, na Les Paul iliyotolewa na Gibson mwaka 1952. Kampuni hizo zenyewe hutengeneza magitaa ya bei ya chini kwa majina ya Squier na Epiphone, na Yamaha inayo Pacifica, ambayo wanafunzi wengi wameanza nayo. Tofauti ya maumbo haya si ya sura tu. Katika magitaa ya Fender nyuzi zina urefu wa milimita 648 kati ya nati, kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa, na daraja, linaloshika nyuzi kwenye mwili, wakati yale ya Gibson yana takriban milimita 628, hivyo nyuzi zake hulegea kidogo na hazichoshi vidole upesi. Pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa koili za waya ambazo hunasa mtetemo wa nyuzi, nazo hutofautiana. Yenye koili moja hutoa sauti nyembamba na angavu inayofaa sana benga, lakini hunasa mvumo wa umeme. Yenye koili mbili hufuta mvumo huo, na sauti yake ni nene zaidi. Kama huwezi kuamua, tafuta gitaa lenye aina zote mbili.

Jambo moja nalisisitiza kwa mwenye fedha chache: chagua daraja lisilosogea. Magitaa mengi ya bei ya chini huwa na daraja lenye springi na wenzo wa kuyumbisha sauti, na springi hizo zikiwa hafifu, gitaa hutoka kwenye tyuni kila unapokaza uzi mmoja au kuuvuta kwa nguvu. Daraja lililofungwa imara kwenye mbao lina vipande vichache vya kuharibika.

Chapa ikishachaguliwa, gitaa moja moja lazima lichunguzwe, kwa maana magitaa mawili ya muundo mmoja, yaliyotundikwa ukuta mmoja katika duka moja, yanaweza kutofautiana sana. Anza kwa kulitazama shingo kutoka kwenye mwili kuelekea kichwani, kama seremala anavyoukagua ubao. Shingo lililopinda kidogo kwa urefu wake hunyooshwa kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani, lakini lililojisokota upande mmoja liache hapo hapo, hata kama muuzaji atakupunguzia bei kwa nusu. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja: katikati ya shingo pawe na mwanya mdogo unaokaribia unene wa kadi ya biashara. Ukiwa mkubwa kupita hapo, au uzi ukigusa freti zote, gitaa linahitaji fundi.

Baada ya hapo piga kila noti, kwenye kila uzi, katika kila freti. Wanunuzi wengi hujaribu freti tano za mwanzo tu wakaridhika. Gitaa langu la kwanza nililinunua hivyo. Nilipofika nyumbani na kupanda juu ya freti ya 12, ambako solo ya benga ndiko inakoishi, uzi mwembamba ulizima kabisa kwa sababu freti mbili zilikuwa zimeinuka. Huko juu ndiko magitaa ya bei rahisi huaibika, na huko ndiko mpigaji wa Nairobi anakolihitaji zaidi.

Kipimo kinachofuata kinataka tyuna tu, na programu ya simu inatosha. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uupige ili utoe sauti yake ya kengele, kisha ubonyeze pale pale na kuupiga tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa noti ile ile. Ya pili ikiwa juu zaidi, kitandiko cha uzi kwenye daraja, yaani kipande kidogo ambacho uzi hukilalia, kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kazi hiyo ni ya bisibisi na subira, kwa hiyo isikukatishe tamaa, ila hakikisha skrubu za daraja zinazunguka na hazijashikwa na kutu.

Vipimo hivi ni vya lazima zaidi kwa gitaa la mtumba, na gitaa la mtumba lililotunzwa mara nyingi hushinda jipya la bei hiyo hiyo. Swichi na vitufe vinavyokwaruza kwa kawaida vina vumbi tu, na fundi wa redio huvisafisha haraka. Freti zilizochimbika chini ya nyuzi ni gharama kubwa. Mwombe muuzaji mkutane mahali penye amplifaya, na usitume pesa kwa simu kabla hujalisikia gitaa likilia.

Kuhusu amplifaya, wati zinawapotosha wengi. Kuongeza wati maradufu hakuongezi ukubwa wa sauti maradufu. Kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini ndogo. Kwa mwenye kuishi katika nyumba ya kupanga, wati 10 hadi 20 zinatosha kabisa, na tundu la hedifoni ni la lazima ikiwa unataka amani na majirani. Ukitaka kusikika safi kando ya ngoma, tafuta wati 50 na spika ya inchi 12, kwani spika ya inchi 8 huishiwa nguvu katika sauti za chini na kuanza kukoroma. Amplifaya za vali, zile zenye taa za kioo ndani, zina sauti tamu, lakini vali huchakaa na kubadilishwa, na mtu wa bajeti ndogo ahifadhi hamu hiyo kwa siku nyingine.

Anayepiga kanisani peke yake afikirie tena kama anahitaji amplifaya. Makanisa mengi huunganisha gitaa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti zote, na gitaa likichomekwa humo moja kwa moja husikika jembamba na lisilo na uhai, kwa kuwa pikapu haipatani na matundu ya kawaida ya mikisa. Kifaa kimoja chenye efekti nyingi, kilicho na njia ya kutoa sauti kwenda kwenye mikisa na tundu la hedifoni, hutatua tatizo hilo na kukupa pia mahali pa kufanyia mazoezi.

Hapa nataka kusema juu ya umeme, kwa kuwa ni suala la uhai. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Amplifaya iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120 pekee, na ya aina hiyo ikichomekwa hivi hivi ukutani itaungua, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. La hatari zaidi ni plagi ambayo waya wake wa ardhi umekatwa. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na waya huo kupitia daraja, hivyo hitilafu ndani ya amplifaya isiyo na ardhi inaweza kufika mikononi mwako, hasa unapogusisha midomo kwenye maikrofoni. Amplifaya ya namna hiyo usiinunue mpaka fundi aitengeneze mbele yako.

Pedali zije pole pole. Ya kwanza iwe tyuna. Inayofuata, kwa benga na rumba, ni kompresa, inayolinganisha noti dhaifu na zenye nguvu, kisha dilei ya mwangwi mfupi au korasi nyepesi, inayofanya gitaa moja lisikike kama kadhaa. Zipange kwa utaratibu huo huo, tyuna ikiwa karibu na gitaa na dilei mwishoni. Pedali nyingi hutumia volti 9, na upande hasi wa plagi yake uko katikati, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue kwa ajili ya vifaa vingine. Ukichomeka iliyogeuzwa unaweza kuiunguza pedali siku hiyo hiyo. Angalia mchoro mdogo wa duara kwenye adapta na kwenye pedali, na kama haifanani, rudisha adapta kaunta kabla hujatoka dukani.